Jiwe la Ivuna na ugomvi wa elementi nzito

Juni 2022 wanasayansi waliochunguza gramu tano na ushee za mchanga ambao chombo cha Japani, Hayabusa2, kiliuleta kutoka asteroidi Ryugu walitangaza katika jarida la Science kwamba mchanga huo unafanana na vimondo vya aina ya Ivuna. Ivuna hiyo ni yetu, Tanzania. Iko kusini mwa Ziwa Rukwa, katika bonde lile lile ambalo mtu wa Sumbawanga huliona akisimama ukingoni mwa Lyamba lya Mfipa.

Kimondo kilianguka huko tarehe 16 Desemba 1938. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 705 hivi. Kimondo cha Mbozi, pande kubwa la chuma, ndicho chenye wageni wake kila mwaka. Cha Ivuna ni tofauti: ni cheusi, laini, chenye kaboni na maji yaliyofungwa ndani ya madini yake. Ukiziweka kando gesi kama hidrojeni na heli, uwiano wa elementi zake unakaribia kabisa ule wa Jua, na ndiyo maana wakemia wa anga wamevifanya vimondo vya aina yake kipimo chao. Inauma kwamba kipande chake kikubwa kinatunzwa London, katika makumbusho yaliyokipata mwaka 2008, huku wanafunzi wengi wa Rukwa na Songwe wakimaliza shule bila kulisikia jina hilo.

Mmoja wa waliovisoma sana vimondo vya kaboni alikuwa Edward Anders wa Chuo Kikuu cha Chicago. Gesi ya zenoni ndani ya vimondo hivyo ilikuwa na ziada ya isotopu nzito. Imetoka wapi? Mwaka 1975 Anders na wenzake, wakipima kimondo cha Allende kilichoanguka Mexico mwaka 1969, walijibu kwa ujasiri: ni mabaki ya elementi nzito kupita zote, namba 115, 114 au 113, iliyokuwapo Mfumo wa Jua ulipozaliwa, kisha viini vyake vikapasuka vyote. Hoja yao ilisimama juu ya tabia ya kikemia: elementi hiyo lazima iwe rahisi kugeuka mvuke, kama thali na bismuthi.

Oliver Manuel wa Missouri alikataa katakata. Zenoni nzito, alisema, huandamana daima na zenoni nyepesi, na kupasuka kwa kiini hakuzai ile nyepesi. Zote mbili zimetoka kwenye nyota iliyolipuka. Mabishano yalidumu miaka. Kama kiini kizito kilipasuka kweli, kingeacha pia ziada ya isotopu za bariamu. Mwaka 1983 bariamu ikapimwa, na ziada iliyotarajiwa haikuonekana. Waliochapisha matokeo hayo ni pamoja na Anders mwenyewe, na kwa hilo anastahili heshima kubwa.

Baadaye elementi hizo zilitengenezwa maabara, atomu moja moja, nazo hudumu sekunde chache au chini ya hapo. Namba 114 ilipewa jina la flerovi mwaka 2012. Majaribio ya Darmstadt, Ujerumani, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kuwa ni metali, tena inayogeuka mvuke kirahisi kuliko metali nyingine za kundi lake. Anders alikosea kuhusu asili ya zenoni; kuhusu mvuke alikuwa amekisia vizuri.