Kumhamisha paka ng'ambo: Safari huanza miezi minne kabla

Familia inayohama Bondeni, Mombasa, kwenda ng'ambo huanza na pasipoti, viza na tiketi. Paka wa nyumbani hukumbukwa wiki ya mwisho, muda ukiwa umeshapita. Hapo huachwa vichochoroni, na paka aliyezoea kulishwa ukumbini hawawezi wenzake wa mtaani wanaopigania vichwa vya samaki.

Kikwazo ni kichaa cha mbwa, maradhi ambayo huua karibu kila mtu anayeanza kuonyesha dalili zake. Yangalipo nchini Kenya, na ndiyo sababu Umoja wa Ulaya na Uingereza zimewawekea masharti makali paka na mbwa watokao huku.

Hatua ni nne na mpangilio wake haugeuzwi. Kwanza, daktari wa mifugo humtia mnyama chini ya ngozi chipu ya utambulisho, ndogo kama punje ya mchele. Pili, hudungwa chanjo, akiwa ametimiza wiki 12. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Tatu, baada ya siku zisizopungua 30, damu yake hutolewa na kupimwa katika maabara iliyoidhinishwa, ili kuthibitisha kwamba kinga imejengeka. Nne, husubiriwa miezi 3 tangu siku ya kutolewa damu. Ndipo cheti cha afya kinapotiwa sahihi na daktari wa mifugo wa serikali, na mnyama hana budi kuwasili katika muda wa siku 10.

Kwa hesabu hiyo, paka huhitaji miezi 4 na ushei. Hata hivyo, hali imekuwa nafuu: kabla ya mwaka 2012, mnyama kutoka Kenya aliwekwa karantini miezi 6 Uingereza. Siku hizi huingia huko kwa ndege kama shehena, wala si miguuni pa abiria.

Wako wanaodhani watatangulia, kisha paka awafuate baadaye. Wajihadhari: mwenye mnyama na mnyama wake wasipishane kwa zaidi ya siku 5. Wakizidisha, mnyama huhesabiwa kama wa biashara, na masharti huongezeka.

Basi siku ya kuomba viza iwe ndiyo siku ya kumpeleka paka kwa daktari. Asiyeweza kungoja amtafutie mapema jamaa wa kumlea.