"Ametiwa Mimba na Nani?": Sifa ya Msichana na Sheria ya Matunzo nchini Kenya, 1959–1969

Mwanafunzi alipofukuzwa shule kwa sababu ya uja uzito, habari yake ilisimuliwa kwa namna mbili: "ameharibika", au "amepata mimba". Usemi wa kwanza umo katika kauli ya kutendeka, isiyodai mtenda. Katika wa pili mtenda ni msichana mwenyewe, kana kwamba mimba aliiokota njiani. Kiswahili kinayo pia kauli ya kutendwa, "ametiwa mimba". Lakini kauli hiyo huacha nafasi ya neno "na", na baada ya "na" hutarajiwa jina la mtu.

Sheria ya mwaka 1959 ililidai jina hilo. Ilimwezesha mwanamke asiyeolewa kwenda mahakamani kumdai aliyemzalisha fedha za kumtunza mtoto. Hayo hayakuwa mabadiliko madogo. Katika mila za jamii kadhaa za Kenya, kumzalisha binti lilikuwa kosa dhidi ya baba yake, na fidia ya mbuzi au ng'ombe iliingia katika zizi la mzee. Binti hakuwa mdai. Ndiye aliyedaiwa kupungua thamani.

Baada ya Uhuru Wabunge waliishambulia sheria hiyo kwa ukali. Walidai kuwa ni desturi ya Kizungu, kwamba inakuza uhuni, na kwamba wasichana wamefanya uzazi kuwa biashara kwa kukusanya fedha kutoka kwa wanaume kadhaa. Hivyo shauri la malezi ya mtoto likageuzwa kuwa shauri la tabia ya mama yake.

Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952, kilipinga kufutwa kwa sheria hiyo. Hakikuwa chama cha ghasia. Wengi walikijua kwa mafunzo ya kushona, mapishi na usafi wa nyumba. Labda ndiyo sababu kilidharauliwa. Bunge la wanaume watupu liliifuta sheria mwaka 1969. Mwishoni mwa mwaka huo huo Grace Onyango alichaguliwa, mwanamke wa kwanza kuingia Bungeni kwa kura, akakuta jambo limekwisha.

Mwaka 1994 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Wajibu wa baba na mama kuwa sawa, wawe wameoana au la, uliandikwa katika kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010. Katika mazungumzo ya kila siku, msichana angali "amepata mimba".