Huria na Holela: Matatu za Nairobi na Lugha ya Kutoingilia

Kiingereza kina kivumishi kilichojengwa juu ya taswira ya mikono iliyoondolewa kazini. Humsifu, na pengine humlaumu, mwenye mamlaka awaachiaye watu mambo yao. Kiswahili hutumia viwili, huria na holela, na kuchagua mojawapo ni kutoa hukumu.

Historia ya matatu jijini Nairobi yadhihirisha jambo hilo. Jina lenyewe, kwa maelezo yaliyozoeleka, latokana na nauli ya awali: sarafu tatu za senti kumi kumi. Kampuni ya Kenya Bus Service ilikuwa na haki ya pekee ya kubeba abiria mjini, na mwaka 1966 Baraza la Jiji likapata robo ya hisa zake. Matatu zilifanya kazi kwa kuwakwepa polisi. Mwaka 1973 Rais Kenyatta alitamka kwamba ziruhusiwe kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi, na wakazi wa Kawangware na Kangemi wakapata njia nyingine halali ya kufika katikati ya jiji. Hata hivyo dola haikujitoa kabisa, kwani bima na sheria za barabarani zilibaki. Isitoshe, ruhusa iliyotoka kinywani mwa mtu mmoja ilikuwa yenyewe tendo la mamlaka. Leseni zilirudi kwa sheria ya 1984, na kanuni kali za mikanda na vidhibiti mwendo zikaanza kutekelezwa Februari 2004.

Kwa nini basi usafiri huo umeitwa holela mara nyingi kuliko huria? Bei na fedha za kigeni zilipoondolewa udhibiti mwanzoni mwa miaka ya 1990, waagizaji bidhaa walipewa jina la soko huria. Mama auzaye mboga kando ya Waiyaki Way, asiyesimamiwa vilevile, husemwa kuwa anafanya uchuuzi holela. Tofauti haimo katika tendo, imo katika mtaji wa mtendaji. (Wanasarufi watatambua pia kwamba vivumishi vyote viwili havichukui viambishi vya upatanisho.)

Msemaji wa kawaida wa Kangemi havihitaji. Husema, "tumeachiwa." Kitenzi hicho humficha aliyeachia, tena hakisemi kama waliofunguliwa wamepewa uhuru au wametupwa.