Kilimanjaro: Sheria Zililinda Mbao, Moto Ukapita Juu

Ukitaka kujua serikali inaogopa nini msituni, tazama inakochimbia mawe yake ya mipaka. Kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro mawe hayo yamehamahama kwa zaidi ya miaka mia moja. Wajerumani walitunga kanuni ya misitu ya koloni lao mwaka 1904. Waingereza wakautangaza msitu wa mlima kuwa hifadhi ya misitu mwaka 1921. Mwaka 1941 ukatengwa ukanda wenye upana wa nusu maili kati ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, na hifadhi, ukawa chini ya baraza la Wachaga, ili wananchi wapate kuni, nguzo na majani ya ng'ombe bila kuingia ndani zaidi. Mpaka leo unaitwa Nusu Maili. Mwaka 1973 ikaja hifadhi ya taifa, kuanzia kama mita 2,700 kwenda juu, na mwaka 2005 mpaka wake ukashushwa hadi ukaumeza msitu. Ukiiondoa ile ya 1973, iliyowatazama zaidi wapanda mlima na wanyama, hatua hizi zilikuwa na mtuhumiwa mmoja, naye ni mwenye shoka. Hoja yangu ni kwamba kosa limekuwa hapo. Mlinzi aliwekwa chini, anakopita mwizi wa mbao, ilhali moto uliokula sehemu kubwa ya msitu wa Kilimanjaro uliwaka juu, ambako hakuna mti wa kupasua.

Huko juu, kuanzia kama mita 3,000, miti mikubwa inaisha na kubaki erika: vijiti vyenye majani madogo kama sindano, vingine vikiwa vichaka, vingine miti mirefu ya kutosha mtu kusimama kivulini mwake. Matawi yake yamevikwa kuvumwani na nyuzi za kijivu zinazoning'inia kama ndevu za mzee. Mawingu ya mchana yanapopita, ndevu hizo hunasa ukungu na kuudondosha tone kwa tone ardhini, maji ambayo kipimo cha mvua hakiyaoni. Lakini wiki chache za kiangazi zikipita bila mawingu, ndevu hizohizo hukauka zikawa kama pamba, na moto ukizishika hupanda hadi kileleni mwa mti kwa dakika chache. Chini yake kuna mboji nene inayofukuta kimyakimya siku kadhaa baada ya moshi kwisha. Mtafiti Mjerumani Andreas Hemp, aliyelinganisha picha za setilaiti za 1976 na za 2000, alikuta kilomita za mraba kama 150 za msitu zimetoweka kwa moto, nyingi zikiwa za erika, na mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita. Mwaka 2001, wataalamu walioruka na ndege juu ya mlima walihesabu mikulo, miti ya mbao, zaidi ya 2,000 iliyokatwa karibuni. Hesabu hiyo ya mikulo ndiyo iliyozua kelele. Erika haina soko, na kisicho na soko hakina wa kukililia.

Itasemwa kwamba moto huo ni wa tabianchi, si wa mipaka. Kweli mlima umekauka. Hemp mwenyewe anaufungamanisha moto na kupungua kwa mvua katika karne iliyopita, na miaka mibaya kama 1996 na 1997 ilikuwa ya ukame. Ila ukame hauwashi kiberiti. Radi huweza kuwasha, lakini huja na mvua, na moto mkubwa hapa huja kabla ya mvua. Wanaotajwa kila mara ni warina asali wanaofukiza nyuki, majangili na wapiga kambi. Moto wa Oktoba 2020 ulizuka Whona, kituo cha mapumziko kwenye njia ya Mandara kwenda Horombo, na maelezo ya kwanza ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, yalitaja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Uliacha majivu kwenye kilomita za mraba 95.5, nyingi zikiwa za vichaka na nyasi. Ukame ulizitandaza kuni. Mkono wa mtu ukaleta kaa.

Wengine watasema basi dawa ni kumzuia mtu huyo huko chini, yaani mawe ya mipaka yalikuwa sahihi. Hapa ndipo historia inapokataa. Warina asali na wapagazi wengi hutoka vijiji vya kando ya Nusu Maili, na watu wa vijiji hivyo ndio wanaozijua njia za kufika kwenye moto. Moto wa 2020 ulipigwa na watu mia kadhaa: askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wanakijiji, wakipanda kwa miguu na mapanga, majembe na matawi mabichi, wakifyeka njia mpaka udongo mtupu uonekane, kisha wakilinda njia hiyo usiku ili cheche zisivuke. Kazi hiyo ni ya miguu, na ya saa za kwanza. Hoja ya kwamba ndege zingetosha kuuzima moto nayo ina kikomo. Kwenye mita 4,000 hewa ni nyembamba, helikopta hubeba maji kidogo, ukungu wa mchana huficha mlima, na moto uliozama katika mboji hauzimwi na maji ya kumwaga kutoka juu. Lazima mtu afike na jembe aufukue.

Kumfukuza mwanakijiji msituni, basi, kulimpunguza mwizi wa mbao na pia kulimpunguza shahidi wa kwanza wa moshi. Sisemi Nusu Maili ilikuwa pepo; ilikatwa vibaya pia wakati wake. Nasema kwamba mlima wenye walinzi wengi malangoni na wachache kwenye erika katika miezi ya kiangazi unalinda kilichothaminiwa mwaka 1904. Tarehe 21 Oktoba 2022, miaka miwili baada ya Whona, moto ulizuka tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga, kama mita 4,000 juu ya usawa wa bahari.