Fimbo na Mtekenyo: Malezi Katika Mwambao wa Gombe

Wahenga walinena: "Samaki mkunje angali mbichi." Kwa watu wa Ujiji na Kigoma, ambao riziki yao kubwa hutoka ziwani, methali hii haihitaji mfasiri. Hata hivyo wazazi wengi wameifanya hati ya kuhalalisha fimbo, kana kwamba kukunja na kuvunja ni tendo moja. Katika mwambao huo huo wa Ziwa Tanganyika, yapata kilomita 16 kaskazini ya mji wa Kigoma, ilitukia habari inayofaa kuipima fikira hiyo.

Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall, binti wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 26, alishuka Gombe akifuatana na mama yake, Vanne. Alikuja kuchunguza maisha ya sokwe mtu. Miongoni mwa sokwe aliowazoea alikuwamo jike mzee aliyemwita Flo. Flo hakujaliwa uzuri wa sura: pua yake ilikuwa nene na masikio yake yalikuwa yamechanika; lakini katika ulezi alikuwa hodari. Mtoto wake alipong'ang'ania jambo lisilofaa, aghalabu hakumpiga. Alimtekenya au alimchezesha mpaka akasahau. Jike mwingine, Passion, alikuwa kinyume chake. Binti yake, Pom, aliachwa amfuate nyuma kwa kilio, na michezo baina yao ilikuwa haba.

Mwaka 1967 Goodall naye alijifungua mtoto wa kiume. Uingereza aliyokulia ilikuwa imeathiriwa sana na mafundisho ya Truby King, tabibu wa New Zealand, aliyeagiza mtoto anyonyeshwe kwa saa, wala asibebwebebwe kila aliapo. Goodall na mumewe, Hugo van Lawick, walishika njia nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 mama huyo alieleza kwamba walichanganya waliyoyaona kwa sokwe, mashauri ya daktari Benjamin Spock wa Marekani, na busara yao wenyewe. Mtoto alinyonyeshwa mwaka mzima, hakuachwa alie peke yake, na alichukuliwa kila walikokwenda. Alipokuwa mdogo mno hata asifahamu kosa lake, walijaribu kumgeuza mawazo badala ya kumwadhibu. Na adhabu ilipotolewa, ilifuatwa upesi na mkono wa kumtuliza.

Je, huo ulikuwa ulegevu? La, hasha. Sokwe huwinda wanyama wadogo, na mtoto mchanga wa mtu angeweza kuwa windo lao. Kwa hiyo huko Gombe mtoto yule aliwekewa kizimba cha wavu. Mpaka ulikuwapo, wala haukujadiliwa. Lakini haukuhitaji ukali ili usimame.

Tena Flo mwenyewe alionyesha hatari ya huruma isiyo na mpaka. Mwanawe Flint, aliyezaliwa mwaka 1964, alipofikia umri wa kuachishwa ziwa alipiga makelele na hata kumpiga mama yake, na mama, kwa uzee, akashindwa naye. Mwaka 1968 alizaliwa Flame, ambaye alitoweka angali mchanga; Flint akaendelea kutaka kubebwa mgongoni na kulala katika kiota cha mama. Flo alikufa Agosti 1972. Flint, ingawa alikuwa amepita miaka 8, alinyong'onyea, akakataa chakula, akafa baada ya wiki zipatazo tatu.

Sokwe si mtu, wala haifai kumtungia mwanadamu sheria kwa kumtazama mnyama tu. Walakini mzazi mwenye hekima haoni haya kujifunza popote. Pom alikosa mkono wa kumshika; Flint alikosa mkono wa kumwachia. Fimbo isingemponya hata mmoja wao. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo imekaribia fikira hii, kwani haikubali maonyo yanayopita kiasi, kwa aina au kwa ukubwa wake, ukizingatiwa umri na hali ya mtoto.

Basi na turudi kwa samaki wa wahenga. Samaki mbichi hukunjwa kwa mikono miwili, taratibu. Atumiaye nguvu humpasua, na amwachaye mpaka akauke hamkunji tena.