Ubingwa wa Jana Kwenye Njia ya Tabora

Kwenye vibanda vya gemu kuna ubishi usiokwisha: toleo jipya la mchezo wa kupigana likitoka, bingwa wa toleo la zamani atabaki bingwa? Tekken 8 iliingia sokoni Januari 2024 ikiwa na kanuni zinazompendelea anayeshambulia, na mabingwa waliojijengea jina kwa kujihami katika Tekken 7 wakalalamika. Miezi sita baadaye, Las Vegas, Arslan Ash wa Pakistan, aliyekuwa ameshinda taji la mashindano ya Evo mwaka 2019 na 2023 katika toleo la saba, alilishinda tena katika toleo la nane. Wanaoamini kwamba ujuzi hauzeeki wakapata shahidi. Shahidi mmoja lakini hatoshi, na michezo hii yenyewe ina umri mdogo. Anayetaka kuona ushindani uleule ukigeuziwa kanuni mara kwa mara, tena watu wakilipa kwa roho zao, aende Tabora.

Hadithi inaanzia mbali, kusini kabisa. Mbinu za vita zilizopata umaarufu chini ya Shaka, yaani mkuki mfupi, mapambano ya karibu na vikosi vya vijana wa rika moja, zilitoka kwa Wazulu na majirani zao zikatembea na wakimbizi. Zwangendaba, mmoja wa viongozi wa wakimbizi hao, aliwavusha watu wake mto Zambezi Novemba 1835, akafia Ufipa katika miaka ya 1840. Baada ya kifo chake msafara ule uligawanyika, na kundi lililoitwa Watuta likaingia Unyamwezi. Kwa hesabu ya damu, wengi wao hawakuwa tena watu wa kusini. Walikuwa mateka wa njiani, wavulana waliochukuliwa vijijini wakafundishwa kupigana. Mbinu ilisafiri maelfu ya kilomita kwa sababu haikuwa mali ya ukoo. Aliyechukuliwa leo alifunzwa kesho.

Miongoni mwa waliofunzwa hivyo alikuwemo kijana wa Uyowa, magharibi ya Tabora, aliyezaliwa karibu mwaka 1840 na ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Mirambo. Masimulizi ya Wanyamwezi yanasema aliishi na Watuta utotoni. Kinachonivutia ni alivyochagua nini cha kuchukua na nini cha kuacha. Hakung'ang'ania ngao na mkuki mfupi, kwa sababu katika Unyamwezi ya miaka ya 1860 pembe za ndovu zilileta magobori na baruti kutoka pwani, na mtu mwenye ngao mbele ya gobori hana maisha marefu. Alichukua mpangilio: vijana wasio na wake wala mashamba, wanaomtii yeye kuliko koo zao, wanaotembea usiku na kushambulia alfajiri wakati adui hajavaa. Akawapa bunduki. Hao ndio rugaruga. Akapata mchezo mpya ambao Watuta hawakuwa nao na wafanyabiashara wa Tabora hawakuutarajia.

Wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora nao walikuwa mabingwa wa vita vyao. Mwaka 1860 mtemi wa Unyanyembe, eneo la Tabora yenyewe, Mnywa Sere, alipotaka kuwatoza ushuru, walimwondoa madarakani wakamweka Mkasiwa. Mnywa Sere alihangaika porini akivamia misafara hadi walipomkamata na kumuua mwaka 1865. Funzo walilolipata lilikuwa rahisi: bunduki nyingi, fedha za kuwalipa washirika, subira kidogo, na mtemi mkaidi anaisha. Mwaka 1871, Mirambo alipofunga njia ya Ujiji, wakalitumia funzo hilohilo.

Agosti ya mwaka huo walitoka na jeshi kubwa, wakiwa na mgeni mmoja, Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone. Kikosi cha Saud bin Said kiliteka Wilyankuru kwa urahisi wa kutia shaka. Mirambo alikuwa ametoka humo mapema, akajificha na watu wake katika majani marefu kando ya njia ya kurudia. Washindi walipokuja wamejitwisha pembe na ngawira, mikono imejaa, akawashukia. Saud alikufa. Stanley, aliyekuwa na homa, alikimbilia Mfuto pamoja na wengine. Kabla mwezi haujaisha Mirambo aliingia Tabora kwenyewe, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakuu wa mji, aliuawa. Bunduki hazikuwa tatizo la Waarabu. Walipigana na Mirambo kana kwamba ni Mnywa Sere, na Mirambo alijua kwamba wangefanya hivyo. Stanley, ambaye baadaye alimlinganisha na Napoleon na mwaka 1876 akachanjiana naye udugu, alikuwa na sababu ya kukumbuka.

Mirambo alifariki Desemba 1884, na dola yake ikaanza kupasuka mara moja. Mrithi wake, Mpandashalo, alipata jina na rugaruga lakini hakupata jicho. Ni tofauti na jirani wa Mirambo huko Ukimbu, mtawala Nyungu ya Mawe, aliyefariki mwezi uohuo. Nyungu alikuwa ameweka maofisa wake katika kila eneo wakikusanya pembe, na kiti chake kikashikwa na mwanamke, Mgalula, aliyeendelea kutawala hadi Wajerumani walipokuja. Ujuzi uliowekwa katika utaratibu ulirithika. Ule uliokaa kichwani mwa mtu mmoja, hata awe hodari namna gani, ulizikwa naye.

Mtemi Isike wa Unyanyembe ndiye mfano mchungu zaidi, nami sikubaliani na wanaomwita mkaidi asiyesoma nyakati. Ngome yake ilikuwa ya kuta nene, na ilikuwa na akiba ya silaha na baruti. Katika mapambano ya Unyamwezi ilikuwa kinga iliyothibitika. Mwaka 1892 mashambulizi ya Wajerumani dhidi yake yalishindwa, kwa hiyo alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba ukuta ule ungefaa pia kwa adui mpya. Januari 1893 ofisa wa Kijerumani Tom von Prince, aliyeitwa Sakarani na askari wake, alirudi akiwa amejifunza kutokana na kushindwa kwa wenzake, akaivunja ngome. Isike alijilipua kwa baruti yake mwenyewe. Yeye alikuwa ameshinda raundi ya kwanza, na ushindi huo ulimfundisha kubaki palepale, wakati adui alilazimika kubadilika. Mara nyingi aliyeshindwa juzi huingia raundi inayofuata akiwa na elimu zaidi kuliko mshindi.

Lakini vita ni sehemu ndogo ya hadithi ya njia hii ya misafara kutoka pwani. Watu walioijua barabara ile kuliko mtemi yeyote ni wapagazi. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800, safari ya karibu miezi mitatu, na mzigo wa kawaida ulikuwa karibu kilo 30, bila kuhesabu mkeka, sufuria na chakula cha mpagazi mwenyewe. Wanyamwezi waliifanya kazi hii kuwa fani. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alionekana mwanaume kamili. Kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alitangulia na bendera, aliyejua visima alithaminiwa, na kabla ya kuondoka palikuwa na mapatano marefu ya ujira na posho. Posho ikipunguzwa, mizigo iliwekwa chini. Wasafiri wa Ulaya waliandika kurasa nyingi za hasira kuhusu migomo hiyo, wakidhani wanaeleza uvivu. Walikuwa wanaeleza wafanyakazi wanaojua bei yao.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa siku chache ilifanya kazi ya miezi. Ungedhani bega la mpagazi lilikwisha thamani papo hapo, na bega kama bega ndivyo ilivyokuwa. Hata hivyo Wanyamwezi wengi walikuwa miongoni mwa waliochimba tuta la reli hiyohiyo, na wengine wakaenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Usambara. Walichobeba kutoka kwenye misafara hakikuwa misuli peke yake. Walijua kuondoka nyumbani kwa msimu, kuishi kambini na watu wa makabila mengine, kuzungumza Kiswahili, kuhesabu ujira na kurudi na mali. Reli ilibadilisha uwanja, lakini sehemu kubwa ya mchezo wa zamani ilibaki ikichezeka.

Kisha ikaja vita ya 1914, na mizigo ikarudi vichwani, kwa sababu mbung'o waliua ng'ombe na punda na majeshi yalikwenda kusiko na reli. Juu juu ingeonekana kama toleo la pili la misafara: njia zilezile, uzito karibu uleule, watu walewale. Ilikuwa kitu kingine kabisa. Mpagazi wa misafara alikubali safari. Mpagazi wa vita alikamatwa na kupelekwa asikokujua, akalishwa unga asioujua kuupika, akakatazwa kuweka mzigo chini. Waliokufa kwa njaa, kuhara damu na homa ya mapafu walikuwa makumi ya maelfu katika majeshi yote. Uzoefu wa njia haukuwaokoa. Uzoefu ule ulikuwa na maana palipokuwa na mapatano, na mapatano ndiyo yaliyoondolewa kwanza. Tabora yenyewe, ambako Wajerumani walikuwa wakitengeneza sarafu ya dhahabu yenye picha ya tembo katika karakana ya reli, ilichukuliwa na jeshi la Kibelgiji kutoka Kongo tarehe 19 Septemba 1916.

Baada ya vita ushindani ulihamia kwenye ngoma. Vyama vya beni vya Marini na Arinoti, vilivyozaliwa pwani na kusambazwa na askari na makarani kwa kufuata reli, vilishindana kwa sare, vyeo vya kijeshi na tarumbeta. Pale watu wa Tabora waliona gwaride likigeuzwa kuwa mchezo wa wenyeji, na hakuna aliyehitaji kufundishwa namna ya kumchokoza mpinzani mbele ya umati.

Toleo la mwisho la kutaja hapa halikuwa na silaha. Julius Nyerere alisoma Shule ya Serikali ya Tabora kuanzia 1937 hadi 1942, akarudi kufundisha shule ya St Mary's ya hukohuko kati ya 1945 na 1949, kwa hiyo mji huu aliujua. Januari 1958 chama chake cha TANU kilikutana Tabora kuamua kama kitashiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na haki ya kupiga kura ilitegemea kipato cha paundi 150 kwa mwaka, elimu ya darasa la 8 au kazi fulani zilizotajwa. Kanuni zilikuwa zimetungwa ili chama cha umati kisitumie umati wake. Wajumbe wengi walifika wakitaka kususia, na kususia kulikuwa silaha ya heshima. Nyerere aliwashawishi waingie, wakiwaunga mkono wagombea wa Kizungu na wa Kiasia waliokubaliana na TANU, yaani waitumie kura ya pili na ya tatu ambazo serikali ilidhani zitawafunga. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, 1958 na 1959, na wagombea waliosimama na TANU wakazoa viti. Zuberi Mtemvu wa TANU, aliyekataa uamuzi wa Tabora, alitoka chamani na kuanzisha African National Congress. Novemba 1962 alisimama dhidi ya Nyerere kugombea urais, akapata chini ya kura 2 katika kila 100.