Uhuru ilipaa na jina letu tu

Wasee, leo tuongee historia kidogo.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Na haikuwa ya mchezo: ndiyo ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwa nyota. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Sasa tugawe kazi. Setilaiti: Wamarekani. Roketi: Wamarekani. Jukwaa na kurusha: Waitaliano. Sisi? Bahari, jina na ikweta. Pale ikweta dunia huzunguka kwa kasi zaidi, kwa hivyo roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Sisi watu wa Munyaka tunaujua mstari huo. Tunauvuka kila tukienda Nakuru. Lakini kuvuka ikweta hakujamfanya mtu injinia.

Ruka hadi 2016. Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani walikuwa wameshaanzisha mpango wa KiboCUBE, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa cha kwanza kuchaguliwa. Kwa kushirikiana na chuo cha Sapienza cha Roma, ikaundwa 1KUNS-PF. Kaboksi ka sentimita 10 kila upande. Ukikajaza maziwa, ni lita moja kamili! Ndani ya hiyo lita kulikuwa na betri, kompyuta, redio na kamera. Tarehe 11 Mei 2018 kakaachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mwaka 2020 kakashuka na kuungua, jambo la kawaida kwa vitu vidogo vinavyozunguka chini chini.

Najua mtaniambia: "Si ni Waitaliano tena?" Ni kweli. Lakini safari hii Mkenya alikuwa mezani, si ufukweni akitazama moshi. Uganda nao walipeleka vijana watatu Kyushu, Japani, wakasoma huku wakijenga, na 2022 PearlAfricaSat-1 ikapaa. Sisi tukafuata na Taifa-1, Aprili 2023: wahandisi wetu, kiwanda cha Bulgaria, roketi ya California. Cheki hiyo: 1970 wageni walikuja kwetu kurusha yao, 2023 sisi tukabeba yetu hadi kwao. San Marco haijarusha kitu tangu 1988.

Mimi niliacha chuo. Muda niliokaa huko, mashine nyingi nilizichora kwenye daftari bila kuzigusa. Ndiyo maana kaboksi haka kananiuma. Kenyewe kameungua, sawa. Kinachobaki ni mtu aliyewahi kuunganisha waya zake, akaona redio imekataa, akarudia mpaka ikakubali. Huyo ndiye atajenga ya pili bila kushikwa mkono.

Kwa hivyo siku nyingine kiongozi akitangaza setilaiti mpya ya Kenya, msipige makofi haraka kwa sababu ya jina na bendera. Ulizeni wanafunzi wangapi waliigusa. Na kama ni wawili watatu wa Nairobi, ulizeni sisi wa Eldoret tutaigusa lini.